Siku Tuliyomfundisha Dada Awino Kujisifu

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hucheka peke yangu hata katikati ya somo la hesabu, mpaka mwalimu ananiuliza kama nina malaria. Nilikuwa kijana wakati huo. Usinikodolee macho. Ilikuwa juzi juzi tu, lakini wewe uko kidato cha kwanza, soksi zako bado zina rangi ya dukani, na mimi niko cha nne. Kwa hesabu za shule mimi ni mzee. Kaa hapo unisikilize.

Sisi tunakaa Makongeni, kwenye zile nyumba za wafanyakazi wa reli zilizojipanga laini laini, kila laini na bomba lake la maji. Baba ni fundi wa mabehewa. Dada yangu Awino alikuwa wa kwanza katika laini yetu kuvaa joho la chuo kikuu. Alipolivua, akaenda kufundisha historia katika shule moja ya harambee, lakini moyo wake ulibaki chuoni. Alitaka shahada ya pili. Akaomba, akaitwa kwa mahojiano, akaanguka.

Unajua kilichomwangusha? Adabu. Mama ametulea kwamba mtu hajisifu. Husifiwa na wengine, naye wakati huo anatazama chini na kuchora sakafu kwa kidole cha mguu. Basi wahadhiri walipomuuliza kwa nini wamchague yeye, dada akajibu kwa upole wake wote, "Hata yule aliyeketi nje kwenye benchi anaweza." Wakamshukuru. Wakamwita yule wa kwenye benchi. Wakamchukua.

Adabu ya aina hiyo ilinipita mbali sana, namshukuru Mungu.

Mwaka uliofuata akaomba tena, wakamwita tena. Safari hii hakuwa na mchezo. Alitaka kuandika habari za akina mama wa kwanza kukaa katika nyumba zetu hizi, na akina mama hao walikuwa wamezeeka. Wengine walisharudi ushago, vijijini kwao, wengine tulishawazika. "Wakinikataa sasa," aliniambia, "siombi tena. Nikichelewa hakutakuwa na wa kumuuliza."

Nikaona hii kazi ya kumtayarisha yafaa mtu mwenye kipaji. Jumamosi, wanawake wa laini wakiwa wanafua bombani, nikamkalisha dada juu ya karai lililopinduliwa. Nikavaa koti la baba na miwani yake ya zamani isiyo na kioo upande mmoja.

"Haya, Bi Awino," nikasema kwa sauti nzito. "Kwa nini tukuchukue wewe?"

"Kwa sababu... kama mtaona inafaa."

"Yawa! Huyu anaomba chuo ama anaomba chumvi kwa jirani?"

Wanawake wakaangua kicheko. Dada akaficha uso.

"Sema hivi," nikamwambia. "Mimi ni kichwa. Tangu Nairobi ijengwe haijaona kama mimi. Maprofesa wakinisikia wanatoa kalamu."

"Atis, huo ni uongo."

"Si uongo, ni kuongeza tu maji kwenye supu. Sema!"

"Mimi ni kich..." Akatazama chini, na kidole cha mguu kikaanza kuchora.

"Mwache mtoto wangu," mama akasema, akisuuza shuka. "Utamharibu."

Hapo ndipo Mama Zipora alipoinua kichwa. Ni jirani yetu wa ukuta mmoja, Mkikuyu, mzee wa kanisa, na sauti yake huhitaji laini tatu ili itoshee. Akaikamua suruali ya mumewe mpaka ikalia, kisha akanigeukia.

"Wewe Atis, toa hiyo koti ya baba yako kabla sijakumwagia hii maji. Unafundisha msichana kujigamba! Mtu wa kujigamba anaulizwa swali ya pili na anaishia hapo." Akamtazama dada. "Awino, Jumapili unasimamanga mbele ya kanisa yote. Huwa unaogopa?"

"Hapana, mama."

"Unafanyanga nini pale?"

"Nashuhudia."

"Unashuhudia nini?"

"Niliyotendewa. Niliyoyaona."

"Na huwa unajisifu?"

"Hapana."

"Basi enda ukashuhudie. Sema ile kazi umefanya, na wamama umeongea na wao, na kile walikuambia. Hiyo si maringo. Maringo ni hii iko na miwani."

Nikavua koti. Nilinyamaza hadi saa ya chakula, na wanawake wakasema wameona muujiza.

Yaliyotokea kwenye mahojiano alitusimulia dada mwenyewe aliporudi, huku akicheka mpaka machozi. Aliingia akakuta wahadhiri watatu nyuma ya meza ndefu: mzee mwenye upara aliyekuwa kama anasinzia, mama mmoja aliyevaa kitenge, na Mzungu. Wakamuuliza lile lile swali la mwaka jana. Akamkumbuka Mama Zipora. Akasimama, ingawa hakuna aliyemwambia asimame, akakunja mikono kifuani, na sauti ya Jumapili ikatoka yenyewe:

"Bwana asifiwe!"

"Asifiwe!" akaitikia yule mzee kabla hajafungua macho.

"Amina!" akasema mama wa kitenge.

Mzungu akatazama kulia, akatazama kushoto, kama mtu aliyepitwa na treni. Kisha mama wa kitenge akaanza kutikisika mabega, na chumba kizima kikacheka, dada naye akiwemo. Mzee akajifuta macho. "Endelea, binti," akasema. "Tunakusikiliza."

Akaendelea, sasa kwa Kizungu chake safi. Aliwaeleza jinsi nyumba zetu zilivyokuwa za wanaume tupu enzi za mkoloni, na wake zao wakijificha chini ya vitanda askari wakipita kukagua. Aliwaeleza kuwa amewasikiliza wanawake hao wakiwa wagonjwa, wakiwa jikoni, wakiwa wamekasirika. "Sikuwaambia mimi ni bora," alitusimulia. "Nilisema tu niliyoyasikia, na kwamba sijamwona mwingine aliyekwenda kuwauliza."

Wakamchukua, mwanangu! Jibu lilipofika, baba alilisoma amesimama, kofia mkononi. Na mama, yule yule mama wa adabu, akatoka akaenda bombani bila ndoo. "Awino wangu amekubaliwa," akawaambia wanawake. "Anajua kazi yake, huyo." Kisha akageuka kutazama nani aliyesema maneno hayo. Vigelegele vilipigwa mpaka ndoo ya mtu ikafurika.

Sasa neno langu kwako ni hili. Siku utakapoitwa mbele ya watu wazima, iwe ni chuoni, kazini, ama katika ofisi ya mkuu wa shule, ambako nina uzoefu wa kutosha, usijipunguze na usijiongeze. Sema ulichofanya na ulichokiona, halafu unyamaze. Na kama bado hujafanya kitu, anza leo, maana siku hiyo utakosa cha kusema hata ukiazima miwani. Mimi nitaendelea kujigamba uwanjani kwa raha zangu, lakini penye maana nitasimama kama dada.

Mungu akupe kazi inayofaa kusimuliwa, mwanangu, na sauti ya kuisimulia. Na ukiingia katika chumba cha wageni tupu, akuwekee humo ndani hata mmoja wa kukuitikia.