Tanbihi ya Kumi na Saba

Mkiniona siku hizi napita karibu na mahakama nikiwa nimeshusha mtandio hadi puani, msidhani ni vumbi la Garissa. Ni aibu, na nimeona heri niisimulie mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wanafunzi wangu, kwa sababu walikuwepo ishirini na wawili na kila mmoja ana simu.

Mimi ni mhadhiri wa sheria hapa mjini. Jina langu ni Fardosa, ila tangu nipate shahada ya uzamifu hata mama yangu huniita Daktari wageni wakiwepo. Katika kazi yetu mtu hapandi cheo kwa kufundisha vizuri, anapanda kwa kuandika, na mwaka ule kitivo kilikuwa kinatoa jarida. Mwenzangu mmoja alikuwa anaandika kuhusu kodi, mwingine mikataba, mwingine haki za mshtakiwa, na mimi nikachagua mila za visima: nani ananywesha mifugo kwanza, nani anafuata, na mwenye kisima akifa zamu yake inakwenda kwa nani. Niliiona ni mada yangu kabisa, maana mimi ni mtoto wa hapa na wenzangu wengi wametoka bara, hawajui tofauti ya kisima na shimo (ndivyo nilivyokuwa nawatania, Mungu anisamehe).

Nilipanga kwenda Sangailu, kijiji cha wafugaji mbali na mji, nikawaulize wenye visima wenyewe. Usiku wa kuamkia safari mvua ikanyesha, dereva akaniambia ule udongo mweusi unaweza kutushika siku tatu njiani, na makala ilitakiwa Ijumaa. Basi nikampigia simu Abti Yusuf, yaani mjomba, ndugu wa mama yangu, ambaye ni kweli alizaliwa Sangailu lakini anauza mbuzi sokoni Garissa tangu kabla sijazaliwa. Nikamuuliza, mume akifa, mjane anabaki na zamu ya kisima? Akasema, "Hapana, zamu inarudi kwa ndugu za marehemu, mwanamke anangoja nyuma," kisha akaniambia ana mteja, tutaongea baadaye.

Hatukuongea baadaye. Niliandika sentensi yake kama ilivyo, nikaweka mwishoni mwake kile kinamba kidogo kinachokupeleka chini ya ukurasa, tanbihi ya kumi na saba, na kule chini nikaandika: Mahojiano ya ana kwa ana na wazee, Sangailu. Wazee, wengi, na tena ana kwa ana. Nilijiambia ni jambo dogo, na kwani nani husoma tanbihi?

Makala ikatoka, nikapongezwa, nikasahau. Miezi kadhaa baadaye akanipigia wakili mmoja tuliyesoma naye, Bwana Kilonzo, akasema, "Daktari, nina kesi ya kisima na makala yako ndiyo nguzo yangu. Njoo usikie ukinukuliwa." Mtu mwenye akili angeuliza kesi hiyo ni kati ya nani na nani. Mimi niliuliza inaanza saa ngapi. Halafu, kwa kuwa kichwa kilikuwa kimeshavimba, nikawatangazia wanafunzi wa mwaka wa tatu kwamba Alhamisi hakuna darasa, tunakwenda kuona usomi ukiingia mahakamani, na wavae vizuri.

Tukaketi safu mbili za nyuma, mimi katikati yao. Mlalamikaji alikuwa mama mmoja mtu mzima, Bi Ebla, mjane, hana wakili. Shemeji yake alikuwa amekizungushia miba kisima alichochimba mumewe na kumwondoa kwenye zamu, na wakili wa huyo shemeji ndiye Kilonzo. Hapo ndipo nilipoelewa nguzo yangu inashikilia nyumba ya nani. Nikataka kutoka, lakini ungetokaje mbele ya watoto uliowaleta mwenyewe?

Kilonzo akaisoma ile sentensi kwa sauti nzuri, wanafunzi wakanigeukia wakitabasamu. Hakimu (mama wa bara, mpole, mwenye kuandika kila kitu) akasema maandishi hayo yangekuwa na uzito zaidi kama mwandishi angeweza kuulizwa maswali. Kilonzo, kwa furaha, akasema, "Mheshimiwa, yupo hapa hapa, na amekuja na darasa zima." Nikaapishwa kwa Kurani.

Karani alijitolea kutafsiri, lakini Bi Ebla akasema Kiswahili chake kidogo kinatosha.

"Binti yangu," akaniambia, "mimi nauliza tu. Ulikuja Sangailu, ulilala kwa nani?"

"Sikulala, habaryar." Habaryar ni mama mdogo, neno la heshima, na wakati ule heshima ndiyo kitu pekee nilichokuwa nacho.

"Haya. Ulikunywa chai kwa nani? Kwetu mgeni hapiti hivi hivi. Gari ikiingia, hata mtoto anajua iko na watu ngapi."

Ningeweza kusema jina lolote. Nakiri lilinijia jina. Lakini nilikuwa nimetoka kushika Kitabu, na yule mama alikuwa ananitazama bila hasira yoyote, anangoja tu nimtajie jirani yake.

"Sikunywa kwa mtu."

"Basi ulifika wapi?"

"Sikufika."

Hakimu akaweka kalamu chini. "Daktari, haya mahojiano ya ana kwa ana yalifanyika wapi?"

"Kwa simu, Mheshimiwa."

"Na wazee wangapi?"

"Mmoja."

"Yuko Sangailu?"

"Yuko sokoni, Mheshimiwa. Hapo nyuma tu."

Kuna mwanafunzi aliyekohoa, na wote tulijua si kikohozi. Kilonzo alikuwa anapanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Bi Ebla akamgeukia hakimu na kueleza kwamba kwao zamu ni ya anayezoa tope, kisima kikijaa matope asiyeshuka hana zamu, na yeye ameshuka tangu mumewe akiwa hai na ameshuka tangu afe, na shemeji yake hajawahi kulowa. Maneno hayo machache yalikuwa na elimu kuliko kurasa zangu ishirini na nne, na ningeyapata bure kama ningengoja udongo ukauke.

Hakimu akasema makala hataitegemea, mahakama itakwenda kwenye kisima chenyewe isikilize watu wa pale, na hadi siku hiyo miba iondolewe na Bi Ebla anyweshe kwa zamu yake. Nilishusha pumzi. Nikadhani aibu imekwisha, imebaki ya wanafunzi tu.

Lakini nilimfuata Bi Ebla ukumbini kumwomba msamaha, na hapo ndipo nilipopata yangu. Nilimuuliza kwa nini amechelewa hivyo kuja mahakamani. Akanijibu kwa Kisomali, taratibu, kwamba shemeji yake alipokuja na karatasi ya makala yangu na kuisoma mbele ya watu, yeye alinyamaza. Ng'ombe wake wakawa wanakunywa mwisho, maji yaliyobaki, na wawili wakafa. "Mimi sijui kusoma," akasema. "Nikafikiri labda waliosoma wanajua, na mimi ndiye nimesahau mila ya kwetu."

Nililia pale ukumbini, Daktari mzima, na wanafunzi wakajifanya wanasoma matangazo ukutani.

Nimewaandikia wahariri wa jarida nikikiri kila kitu na kuomba makala iondolewe, na cheo sitaraji tena. Wanafunzi nao nimewaambia ukweli wote darasani, na nimeapa kwamba sitaandika nimefika mahali ambapo mguu wangu haujakanyaga. Mjomba nimemwacha na mbuzi wake, hakuna aliyemwambia kwamba kwenye tanbihi yangu angegeuka wazee. Barua zote nimemaliza, imebaki ya Bi Ebla, na yeye hasomi. Kwake lazima niende, nikawaambie watu wale wale waliosomewa karatasi yangu kwamba yeye hakusahau kitu.