Mate ya Shangazi Kalunde

Tangawizi mbichi ikikatwa mahali, mimi hujipangusa shavu kabla sijafikiri. Shangazi Kalunde, dada yake baba, aliitafuna kutwa nzima, na mate yake yalinukia hivyo. Msicheke. Mate hayo ndiyo yaliyokuwa dawa yetu pale mtaani Woodley, miaka ya themanini.

Shangazi alipanga chumba Ngara, akishona sare za shule. Hakujaliwa mtoto. Jumapili moja alikuja kwetu baada ya kanisa, akamwinua mdogo wangu Mwende, akasema, "Jamani, mashavu haya!" Kesho yake Mwende akawaka homa. Mama, mwanakwaya aliyekemea waganga kila siku, hakungoja kuambiwa. Kwao Kitui ilijulikana: mwenye jicho akimsifu mtoto, mtoto huugua, na dawa ni mwenye jicho mwenyewe amtemee mate.

Shangazi akaitwa. "Wifi, mtemee mtoto, tafadhali," Mama alimwambia pale pale mlangoni, bila hata kumkaribisha chai. Shangazi akamtazama baba. Baba, ndugu yake wa tumbo moja, akainama kufunga kamba za viatu.

Basi akamtemea Mwende kifuani, akampaka polepole kwa kiganja. Homa ikashuka. Ile dawa ya chupa ya kliniki, aliyokunywa Mwende asubuhi, haikutajwa na mtu.

Tangu hapo akina mama wa mtaa walimjua. Mtoto akikohoa, Kalunde aitwe. Mtoto akizaliwa, Kalunde asiambiwe. Hata mimi nilitemewa shavuni, nikalia kwa kinyaa. Tukimwona njiani tulikimbia. Naye aliacha cherehani na kuja kila alipoitwa, na akishamshika mtoto hakuwa na haraka ya kumrudisha. "Ona vile anamng'ang'ania!" Mama alikuwa akinong'ona. Sisi tuliona ni uchawi wake tu.

Miaka ya tisini ikielekea kuisha nilijifungua, nikampelekea Shangazi mwanangu huko Ngara, mzima, ameshiba, anacheka.

"Shangazi, mshike."

Hakunyoosha mikono. Alitoa tangawizi mdomoni, akajipangusa kwa leso.

"Anaumwa nini?"

Nilishikwa na hasira ambayo sijui nimpe nani, Mama au baba na viatu vyake. Kumbe ile ndiyo njia pekee tuliyomwachia ya kushika mtoto. Nikamwambia haumwi. Hakuniamini. Akamtemea hivyo hivyo, ndipo akampakata.