Gego la Mpwa Wangu

Nilitoka Lodwar Jumatatu asubuhi nikiwa juu ya lori la samaki wakavu, na nilipofika Machakos siku ya Alhamisi mbwa wa mjini walinifuata kwa heshima kubwa. Lori liliharibika mara mbili, mara moja karibu na Kainuk, mahali ambapo madereva, kwa kuogopa majambazi, hawapendi kusimama hata kwa haja ndogo. Kitale nikahamia basi. Nakuru nililala kwenye benchi nikiwa nimekumbatia begi. Nairobi kondakta alininusa, akanipeleka kiti cha nyuma, na abiria wote wakafungua madirisha bila kuambiwa.

Kwa miaka mingi nilikuwa kibarua wa mashine za kuchimba visima. Nimekunywa maji ya Wajir, ya Marsabit, ya Garissa, na kila nilikokwenda Mkamba mwenzangu alinitambua mara nilipocheka. Sisi tuliokulia upande ule wa kwetu tuna meno ya kahawia. Ni maji ya kisima yanayoyapaka rangi tangu tukiwa wadogo, na hayasafishiki kwa mkaa wala kwa dawa. Mtu ananiangalia mdomoni katikati ya jangwa, anauliza, "Wewe ni wa kisima gani?" na hapo tumeshakuwa ndugu. Nimewahi kupewa kazi kwa sababu ya meno haya. Nimewahi pia kukataliwa mke, lakini hilo si la leo.

Nyumbani, siku za kazi, walikuwapo watu wawili tu: mama yangu, ambaye amezeeka kila mahali isipokuwa sauti, na binti wa dada yangu, wakati huo mwenye miaka mitatu. Dada anashona suruali kiwandani kule EPZ, Athi River. Huja Jumamosi mchana, hurudi Jumapili. Mtoto alinicheka siku ile ya kwanza kwa ajili ya harufu yangu, nikaona meno yake yote ni meupe, meupe kama ya mtoto wa tangazo la maziwa. Nilisononeka. Nilikuwa nimesafiri siku nne kurudi kwetu, na kwetu kulikuwa kumeanza kupotea.

"Wacha haraka," mama aliniambia. "Maji itamfikia tu."

Nikakaa. Mjomba aliyetoka mbali ana kazi moja, nami niliifanya kwa bidii ambayo wanyapara wangu hawakuwahi kuiona. Kila jioni nikitoka mjini nilikuja na kitu: peremende, soda, biskuti zenye krimu katikati. Mtoto alinisubiri langoni. Mama kwa upande wake aliweka vijiko vinne vya sukari katika kikombe cha mtoto, maana chai isiyo tamu kwake ni chai ya mgonjwa, na mtoto alilala na kikombe hicho kando ya mto, akikinyonya taratibu kama mzee na kiko chake.

Baada ya mwaka mmoja na nusu hivi, alicheka tena, na nikaona gego la chini limeshika rangi ya kahawia. Machozi yalinitoka. Sitanii.

"Mama, njoo uone! Huyu ni wetu kabisa."

"Si nilikuambia?" mama akasema, akamshika mtoto kidevu kama mtu anayekagua mbuzi sokoni. "Hiyo ni jino ya kwetu."

Hivyo ndivyo watu wazima wawili walivyolisifia jino lililokuwa linaoza. Jirani alipopita tulimfungua mtoto mdomo aone.

Kisha mtoto akaanza kutafuna upande mmoja. Kisha akaacha isyo, yale mahindi na maharagwe ambayo kwetu ndiyo chakula chenyewe. Mama akasema anadeka. Alipoanza kushika shavu na kukataa hata ugali, mama aliwaita akina mama wa kikundi cha maombi, wakaja sita, wakaketi, wakanywa chai. Mmoja alishauri karafuu. Mwingine maji ya chumvi. Wa tatu alitoa ugoro kwenye leso na kusema uwekwe ndani ya shimo, mtoto atalala. Mama yangu alikubali nusu, yaani aliuvuta yeye mwenyewe. Mwenyekiti wao ndiye aliyefunga mjadala.

"Hiyo ni meno ya utoto," alisema. "Itatoka tu. Wewe unaweza rekebisha nyumba ya kupanga, na unajua unahama?"

Tulicheka sana. Nilidhani sijapata kusikia hoja iliyonyooka kama hiyo. Wakaomba, wakaenda. Mtoto peke yake hakucheka, kwa sababu kufungua mdomo kulimuuma.

Jumamosi dada alikuja na nyama. Mtoto alikiangalia kipande chake, akalia bila sauti, akakirudisha kwenye sahani. Dada aliacha kula. Alimlaza mtoto mapajani, akawasha tochi ya simu, akachungulia muda mrefu.

"Hii ni nini?"

"Ni maji," mama akasema.

"Ni maji," nami nikasema.

Dada alinigeukia mimi. "Kaka, kazi yako ni kuchimba visima. Umewahi ona maji inatoboa jino?"

Sikuwa nimewahi.

Jumatatu hakwenda kiwandani, jambo ambalo msimamizi wake hasamehi upesi, na wote wanne tukaenda kliniki ya meno mjini. Daktari alikuwa msichana mdogo kuliko koti lake. Alimtazama mtoto, akasikiliza maelezo ya mama kuhusu maji, kisha akaniomba mimi nifungue mdomo.

"Ona, susu," akamwambia mama, maana hapo kila nyanya huitwa susu. Akagonga jino langu kwa kichuma. "Hii ya anko ni ya maji. Ni kahawia lakini ni ngumu kama sahani. Sasa hii ya mtoto, nikigusa inazama. Hii ni kuoza. Na meno ya utoto, maji haiipaki sana hivyo. Maji hupaka ile ya ukubwa."

Nilibaki mdomo wazi, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, nikitumika kama picha ya ukutani.

"Basi si ung'oe twende?" mama akasema. "Itatoka tu."

"Hii gego inafaa kukaa mpaka afike gredi ya tano, susu. Ndiyo atatafunia. Bado naweza kuiokoa. Na nikiitoa sasa, meno ya kando itasogea kwa hiyo nafasi. Yenye inakuja chini ikitaka kutoka, itakuta majirani wamechukua ploti."

Mama aliketi wima. Ana kesi ya mpaka wa shamba na jirani tangu mimi nikiwa shule ya msingi.

"Watasogeza mpaka?"

"Watasogeza, susu."

"Usiguse hiyo jino," mama akasema. "Irekebishwe!"

Ilirekebishwa. Mtoto alichomwa sindano ya ganzi, akamng'ata daktari kidole, akasamehewa. Daktari aliondoa uozo, akatoa sehemu ya ndani iliyokuwa imeshaharibika, akaweka dawa, halafu akalifunika gego lote kwa kofia ndogo ya chuma inayong'aa, ambayo itadondoka pamoja na jino siku yake ikifika. Meno mawili ya mbele yalikuwa yameanza kuoza pia. Hayo aliyapaka dawa ya maji inayozuia kuoza, na inayogeuza sehemu iliyooza kuwa nyeusi tititi.

"Tumekuja na jino moja mbaya," mama alinung'unika, "tunarudi nyumbani na mbili nyeusi na moja ya bati."

Daktari akatuagiza tumpige mtoto mswaki asubuhi na usiku, kwa dawa yenye floridi kiasi cha punje moja ya ndengu. Aliposikia kwamba floridi ndiyo hiyo hiyo iliyomo majini, mama alitaka kujua kwa nini anauziwa kwenye tyubu kitu kinachomharibia sura bure. Daktari alimweleza kwa upole: kidogo hulinda jino, kikizidi hulipaka rangi. Kisha akauliza, "Na ni nani humpa vitu tamu?"

Sisi watu wazima tuliangalia kalenda ya ukutani. Mtoto, mdomo ukiwa umekufa ganzi, alininyooshea kidole. Halafu akamnyooshea susu yake.

Kule nyumbani habari zikaenea kwamba ameezekwa. Watoto wa chekechea walipanga foleni kuona mabati, wawili wakaenda kwa mama zao kudai ya kwao. Mwenyekiti wa kikundi cha maombi alikuja, akachungulia, akauliza kama watu wazima nao huwekewa.

Mama aliacha sukari, yaani aliificha na kunywa peke yake. Mimi nilidumu wiki tatu. Dada alinikuta Jumamosi moja nyuma ya zizi na mtoto na chupa ya soda.

"Kaka, tumeokoa moja. Amebaki na kumi na tisa."

"Ni soda moja tu."

"Kabla ukuje, meno yake yote ilikuwa nyeupe."

Nilijaribu kurudi nyumbani mikono mitupu. Mtoto alikuja langoni, akaangalia mkono wa kulia, akaangalia wa kushoto, akaenda zake. Nikagundua kwamba katika miaka miwili hatukuwa tumezungumza lolote, mimi na yeye. Peremende ndizo zilizozungumza. Wengine wangejifunza. Mimi nilijua siku moja nitashindwa, nitanunua, na gego la pili nitalitoboa mimi.

Kampuni moja ya visima ilikuwa inatafuta watu Isiolo. Safari hii nilibeba hata godoro. Ilikuwa Jumapili, dada yupo. Mama aliuliza nitarudi lini, nikamwambia wakati wa kurudi kukaa umepita, akasema "haya" kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake. Mtoto alikuwa ameketi kwenye ngazi ya jikoni na hindi la kuchoma. Nilichuchumaa mbele yake.

"Anko anaenda."

Aliitikia kwa kichwa. Alikuwa anatafuna, pande zote mbili, na hakutaka kuacha.