Nyundo ya Baba Chini ya Meli

Leo fundi wa mageti hapa Kasubi alikuwa akikata bamba kuukuu la chuma. Harufu ya rangi nyekundu inayoungua ikanirudisha bandarini nikiwa mtoto, siku ambayo meli ya kubeba mabehewa ya treni ilikuwa imetolewa ziwani ikaguliwe, tumbo lake lote likinidondoshea maji kichwani.

Baba alikuwa mkaguzi wa mabamba. Aligonga kwa nyundo ndogo, kisha akasikiliza. Bamba zima lililia kama kengele. Lililoliwa na kutu lilijibu kama debe bovu.

"Baba, ikiharibika si tutanunua nyingine?" nilimuuliza.

"Mama," alinijibu, maana nina jina la mama yake, "hii ikisimama, nchi nzima itabaki kuomba njia ya mizigo kwa jirani."

Jioni alimwambia bosi wake, "Mzee, meli ni nzima. Tubadilishe mabamba mawili tu."

Bosi hakuinua hata macho kuitazama. "Imeshaamuliwa, fundi. Inauzwa chuma chakavu."

Baba alirudi chini ya meli akaanza upya, bamba la kwanza, la pili, la tatu, kana kwamba hakuambiwa kitu. Aligonga mpaka mlinzi alipokuja kufunga lango, na njia nzima ya kurudi nyumbani Nsambya hakunishika mkono.

Fundi wa mageti alipozima moto, niliinama nikagonga kile kipande alichokikata kwa ufunguo wangu.

"Unaogopa kimeoza, mama?" aliniuliza.

Nikagonga tena. Kililia kama kengele.