Soksi Ndani ya Tangi la Samaki

Tangi langu la samaki lilikuwa limekaa sebuleni, hapa Majengo, miaka mitatu bila samaki hata mmoja kufa kwa uzembe. Nasema hivyo bila haya. Niliondoka Mpanda na begi moja, nikarudi na stashahada ya ufugaji wa samaki, na nyumba hii nimeijenga kwa kuchimbia watu mabwawa. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Kwa hiyo anayegusa tangi langu ananigusa mimi.

Samaki wangu wenye milia niliwaleta mwenyewe kutoka Karema, ziwani, ndani ya ndoo, wakiwa wadogo kama kidole. Huko kwao huchimba mchanga. Mimi kwa haraka ya mwanzo niliwawekea changarawe ya rangi ya dukani, wakawa wanachubuka midomo. Mwaka huu nikaamua kuibadilisha. Lakini changarawe ya tangi lililokomaa haitolewi kwa siku moja. Ule utelezi juu ya mawe ni makazi ya bakteria wanaokula sumu ya uchafu wa samaki. Ukiutoa wote, samaki watakufa kwa mkojo wao wenyewe. Nilipanga kutoa theluthi moja kila baada ya wiki mbili. Nikatoa ya kwanza, nikaweka mchanga. Siku chache baadaye nikaenda Magamba kukagua bwawa la mteja.

Niliporudi jioni, mama mkwe, aliyekuja kututembelea, alikuwa ameketi sebuleni akilitazama tangi kama mtu aliyemaliza kupalilia. Changarawe yote ilikuwa imetoka. Mchanga wangu wote umemwagwa ndani. Sponji ya kuchujia ya pampu imesuguliwa, nyeupe pe! Maji ya bomba, na dawa yake ya kuulia vijidudu, moja kwa moja. Samaki wangu wote walikuwa juu, midomo wazi, wanatweta.

Nikaishia mlango wa jikoni. Kwa Wasukuma wa kizazi chake, mkwe haingii alipoketi mama mkwe, wala hamsemeshi uso kwa uso. Wengi wameacha. Yeye hajaacha. Mtu anayeitwa mtaalamu kila kijiji alichochimba bwawa, amesimama mlangoni kwake mwenyewe amekunja ngumi, na samaki wake wanakufa hatua nne mbele yake!

"Mwulize mama," nikamwambia mke wangu, sauti ikifika barabarani, "nani kamtuma?"

"Mama, mkwe wako anauliza..."

"Nimemsikia. Mwambie mawe yalikuwa yanateleza kama mtungi wa mvivu. Jumapili wageni wanakuja. Nimemsaidia."

"Mwambie utelezi huo ndio uliowaweka hai!"

"Mwambie sisi tumefuga ng'ombe tangu enzi za babu, na hatukuwahi kuwanywesha matope."

Mke wangu akaziba mdomo kwa kanga. Alikuwa anacheka. Hilo sijamsamehe mpaka leo.

"Mwulize mawe yako wapi."

"Nimeyaosha kwa sabuni ya unga, nimeyaanika." Akasugua goti. "Ndoo moja bado. Sabuni iliisha."

Nikakimbia uani. Ndoo ilikuwa pale bombani, changarawe imezama kwenye maji yale yale ya tangi, na utelezi wake wote. Nikavua buti na soksi yangu ndefu ya kuchezea mpira, nikaisuuza, nikaijaza mawe, nikaifunga fundo.

"Mwambie mama naingia."

Hakuinuka, magoti yanamsumbua. Alijifunika kitenge kichwa kizima, akageukia ukuta. Nikaingia ubavuubavu, nimempa mgongo. Nikatoa maji nusu, nikarudishia ya pipa langu yaliyolala siku mbili hadi dawa ikaisha, nikaning'iniza soksi mbele ya pampu.

Wawili walikufa. Waliobaki, asubuhi walikuwa chini wanachimba mchanga. Nimesoma, nimefaulu, halafu samaki wangu wanaokolewa na kuisha kwa sabuni! Hata sasa nikikumbuka nachemka.

Mchana mke wangu akaja. "Mama anasema soksi ile inatia aibu. Jumapili wageni..."

"Mwambie haitoki."

"Mpaka lini?"

"Wiki sita, mpaka mchanga nao uteleze."

Jumapili wageni walikula wali wakiitazama soksi. Mama mkwe aliwaeleza kwamba ni dawa.