Kopo la Mama

Kopo la bati likijaa maji baridi hutoa harufu ya chuma na mvua. Harufu hiyo hunirudisha chumbani kwa Mama. Homa ilikuwa imempasua midomo, na mama wa maombi, kiongozi wa kikundi chetu cha kanisani, alikuwa ameamuru afunge siku tatu, bila chakula wala maji. Mimi, binti yake, niliwekwa kulinda kopo la maji, asilifikie.

"Mutoto wangu, unipe maji kidogo," Mama alinisihi. Dirishani ziwa lilionekana, maji mpaka upeo wa macho.

"Tuombe kwanza, Mama," nilijibu, kama nilivyofundishwa.

Siku ya tatu hakunisihi tena. Mama wa maombi alimfunika uso, akanigeukia. "Imani yenu njo ilikuwa kidogo."

Leo mimi ni muuguzi hapahapa Kalemie, na yule mama wa maombi ndiye mgonjwa wangu. Midomo yake imepasuka. Hanitambui.

"Mwanangu, unipe maji."

Nimejaza kopo mpaka juu, nikaliweka mezani, mahali anapoliona lakini mkono wake haufiki. Kisha nikamshika kiganja.

"Tuombe kwanza, Mama."

Nikafumba macho. Mimi huomba polepole.