Mwanaidi, Mkatoliki

Harufu ya nta ya sakafu hunipandisha hasira mpaka leo. Nikiingia ofisi iliyosuguliwa ikang'aa, narudi palepale kwenye chumba cha wageni cha shule ya masista, nina miaka kumi na minne, nimekaa kwenye ncha ya kiti na soksi za kuazima.

Shule ile niliichagua mwenyewe. Siku za soko wasichana wake walishuka Lushoto wakiongea Kiingereza huku wakitafuna pichesi, nami nyuma ya mafungu yetu ya karoti nikawatazama mpaka nasahau kurudisha chenji. Baba, Mwislamu wa swala tano mwenye bustani ya kabichi karibu na Magamba, hakunipinga. Alisema kwa masista watoto wanasoma, basi. Fomu aliijaza mwalimu wetu wa darasa la saba, kama alivyojaza za wenzangu wote, maana kijijini kwetu fomu ilikuwa kazi ya mwalimu. Baba alitia saini pale alipoonyeshwa, akashukuru, akamwachia kabichi mbili.

Mtihani wa kujiunga nilifaulu, tukaitwa kwa usaili. Sista mkuu, mama mnene mwenye sauti ya chini, aliisoma fomu yangu, akairudia.

"Mwanaidi, Mkatoliki," akasema. "Kipaimara ulipata lini, mwanangu?"

Sikujua kipaimara kinaliwa au kinavaliwa. Nikamgeukia baba. Alichungulia fomu, uso ukamshuka.

"Waislamu tunao humu, baba, na Ramadhani wanapikiwa futari," sista akasema. "Dini haikuwa tatizo. Tatizo ni uongo. Nani ameandika hapa? Kama ni mwalimu, sipokei tena fomu kutoka shule hiyo."

Mwandiko ule niliujua kuliko wangu. Ndio uliosahihisha madaftari yangu miaka mitatu.

"Tate," nikamwambia baba kwa Kishambaa chetu, "huu ni mwandiko wa..."

"Nyamaza. Nimeandika mimi, Sista. Nisamehe."

Nafasi ikapotea hapohapo. Nikaenda shule ya kata, ambako tulikaa miaka miwili bila mwalimu wa fizikia. Wiki mbili nzima sikumwamkia baba shikamoo, kosa ambalo kwetu mtoto huchapwa kwalo, naye hakunigusa. Nilimdharau. Niliamini amemwogopa mwalimu.

Zaina, binti wa jirani, ndiye aliyenieleza, sote tukiwa watu wazima. Mwaka uliofuata baba alipita nyumba kwa nyumba akiwaambia wazazi wasome fomu kabla ya kutia saini, na dini waandike ile waliyonayo. Zaina alichukuliwa na masista, na baada yake mdogo wake. Baba angemtaja mwalimu siku ile, wasingepokelewa.

Basi nimeelewa, na namheshimu baba kwa hilo. Lakini hasira haijanitoka. Nafasi aliyoitoa haikuwa yake. Ilikuwa yangu, na hakuniuliza.